Vikuku vya Rumanyika: Nasaha Juu ya Pambo la Mwanamume

Kila mwaka, kahawa inapokwisha kuanikwa na kupimwa, na wakulima wa Igurwa, huku kwetu Karagwe, pamoja na wenzao wa Nkwenda na Kaisho wakaanza kulipwa haki yao, huonekana katika maduka ya Kayanga na Omurushaka vijana wengi wamesimama mbele ya makabati ya vioo wakitazama saa, mikufu, pete na mikanda, kila mmoja na fedha mfukoni na hamu moyoni, lakini bila ya mtu wa kumshauri. Kwani dada zao wamefundishwa na mama na shangazi tangu utotoni shanga zipi hupatana na kitenge kipi, ilhali mwanamume huachwa ajifunze peke yake, na mwalimu wake aghalabu huwa ni mwenye duka, ambaye nasaha zake daima huelekea upande wa kile kitu kilichokaa kabatini muda mrefu kuliko vyote. Nimekusudia kuwasaidia vijana hao, na baba zao pia, maana wapo wazee wengi wenye haiba ambayo huharibiwa na mkanda mmoja mbaya.

Kabla ya kufika dukani, yapasa kuondoa kwanza dhana moja iliyoenea, kwamba mwanamume kamili hana haja ya pambo, na kwamba kila anayejali wajihi wake ameiga watu wa mjini. Dhana hiyo haina asili katika nchi hii. Mwezi wa Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe katika safari yao ya kutafuta chanzo cha mto Nili, wakapokewa Bweranyange na Mukama, yaani mfalme, Rumanyika. Speke hakuwa mtu mwepesi wa kuwasifu wenyeji wa bara, na kitabu chake kilichochapwa 1863 kimejaa maneno makali juu ya watu wengi aliokutana nao njiani; walakini alipoingia mbele ya Rumanyika, akamkuta ameketi chini amekunja miguu pamoja na nduguye Nnanaji, aliandika kwa taadhima ya dhahiri. Mukama, asema Speke, alikuwa amevaa joho jeusi la Kiarabu lisilo na makuu, na mapambo yake yalikuwa ni shanga za rangi nzuri zilizovikwa miguuni mfano wa soksi, na mikononi vikuku vya shaba vilivyofanyizwa kwa ustadi. Nnanaji naye, ambaye alijihesabu kuwa mganga mkubwa, alikuwa amejifunga nguo ya mirabaraba, na mwili wake umejaa hirizi.

Tuwatazame ndugu hawa wawili kwa utuvu, kwa maana katika kikao kile kimoja imekusanyika karibu elimu yote ninayotaka kuieleza. Shaba nyekundu juu ya ngozi nyeusi, pembeni ya nguo nyeusi isiyo na nakshi, haihitaji msaada: jicho la mgeni huenda kwenye kifundo cha mkono bila ya kuitwa, na likisha kufika hapo huona kazi ya fundi, jinsi waya ulivyosukwa na jinsi ncha zilivyofichwa. Ama hirizi za Nnanaji, Speke hakuzieleza hata moja. Alisema tu kwamba zilikuwa nyingi. Tusimdhulumu Nnanaji lakini. Hirizi zile zilikuwa ni zana za kazi yake, kama vile fundi seremala anavyotembea na rula sikioni na misumari mdomoni, na aliyekwenda kwake kutaka dawa alitaka aione dawa hiyo. Kijana anayevaa mikufu mitatu, pete nne na bangili ya mpira yenye maandishi, hali ya kuwa hamtibu mtu, hana udhuru huo.

Wala mtu asidhani kwamba Rumanyika alivaa vichache kwa kuwa alikuwa na vichache. Mwaka 1876 alipita Henry Stanley, akaonyeshwa nyumba ya hazina ya Mukama, na ndani yake akaona sanamu za ndege na za wanyama zilizofanyizwa kwa shaba na chuma, mikuki na visu vya kila namna, vitu ambavyo kwa wingi na kwa ufundi wake vilimstaajabisha msafiri yule aliyekwisha kuona mengi. Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu, hakikuwa mbali, na nguo za Maskati na shanga za pwani zilifika huko kwa mizigo. Kwa hivyo joho lile jeusi na vikuku vile vilichaguliwa na mtu aliyeweza kuvaa hazina nzima akakataa. Huo ndio umaridadi uliotulia ninaowahimiza wasomaji wangu wautafute, na sharti lake la kwanza ni kuacha nyumbani sehemu kubwa ya vile mtu alivyo navyo. Shanga za miguuni sizipendekezi kwa mtu wa leo apandaye bodaboda, lakini vikuku na joho jeusi vingepita bila ya aibu katika harusi yoyote ya Kayanga Jumamosi ijayo.

Sharti la pili ni kwamba pambo lipatane na kazi ya mkono unaolivaa. Mikono ya watu wa Igurwa ni mikono ya mgombani na ya shamba la kahawa. Yeyote aliyekata mkungu anajua utomvu wa ndizi: hutoka mweupe kama maji, na baada ya saa chache hugeuka kahawia kwenye nguo na hauondolewi na sabuni yoyote. Utomvu huo ukiingia katika mshipi wa saa wa ngozi huufanya mgumu, kisha huupasua. Lipo pia vumbi letu jekundu la kiangazi, ambalo huingia katika pingili za mkufu na katika nakshi za pete, likachanganyika na jasho, likawa uchafu usiotoka ila kwa mswaki. Kwa sababu hiyo, mwenye kuvaa kitu kila siku na achague chuma cha pua kisichoshika kutu, au fedha nene isiyo na nakshi nyingi. Na kitu cha ngozi au chenye jiwe akiwekee siku ya ibada na sherehe.

Nianze na saa, kwa kuwa ndilo pambo ambalo mwanamume yeyote, hata yule aliyeapa kutojipamba, huweza kulivaa bila ya kuulizwa. Wasomaji vijana huenda wakashangaa kusikia kwamba Ulaya, kabla ya vita vya 1914 hadi 1918, saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa kitu cha wanawake, na wanaume walibeba saa zao mfukoni kwa mnyororo. Ni askari waliokuwa mahandakini, wasio na mkono wa ziada wa kuchokoa mfukoni, ndio walioifunga kwenye kifundo na kuifanya ya kiume. Unapoichagua, iweke mkononi na utazame kutoka juu: zile pembe zinazoshika mshipi zisitokeze nje ya kifundo upande wowote. Kwa watu wengi saa yenye upana wa milimita 36 hadi 40 hutosha, na zile kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, zenye duara tatu ndogo ndani ambazo mara nyingi hazifanyi kazi yoyote, humfanya mvaaji aonekane kana kwamba saa ndiyo inayomtembeza. Uso uwe wa rangi moja, mweupe au mweusi au wa buluu iliyokolea, na namba zisomeke bila ya kuinua mkono machoni. Zungusha kile kitufe cha pembeni: kikilegea na kuyumba, irudishe.

Jihadhari na maandishi. Saa iliyoandikwa kwamba inahimili maji mita 30 haikuumbwa kuzama mita 30. Maana yake ni kwamba inastahimili manyunyu ya mvua na maji ya kunawa, basi. Anayetaka kuogelea au kuosha gari nayo atafute iliyoandikwa mita 100. Na saa yenye jina kubwa la Uswisi, inayouzwa barabarani kwa bei ya kuku wawili, si ya Uswisi, na kila mtu atakayeiona anajua hivyo. Afadhali mara mia saa ya Kijapani ya plastiki, yenye jina lake la haki na betri inayodumu miaka, kuliko uongo unaong'aa. Kwani pambo la uongo humfanya hata mwenye kusema kweli atiliwe shaka.

Pete ina mambo mengi zaidi, kwa sababu imeingia katika dini na katika ndoa. Ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba dhahabu na hariri zimeharamishwa kwa wanaume wao, na kwamba Mtume alivaa pete ya fedha iliyokuwa muhuri wa barua zake. Tena imepokewa kwamba sahaba wake Ali alikatazwa kuivaa katika kidole cha kati na cha shahada. Kwa hivyo pete ya fedha yenye akiki, katika kidole kidogo, ni pambo lenye nasaba ndefu, na hata asiye Mwislamu anaweza kujifunza kitu hapo: jiwe moja la rangi iliyotulia, limeshikwa na fedha pande zote, halina pembe ya kunasa nguo. Masonara wa Oman walikuwa wakiyeyusha reale za Maria Theresa, ambazo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufa, wakazifanya mapambo na ala za majambia. Na uzito ule wa fedha ya zamani, ambao mkono huuhisi mara moja, ndio unaotafutwa na kila anayejua pete.

Kwa Wakristo, ambao ndio wengi huku kwetu, Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe na Wakatoliki wa Jimbo la Kayanga, pete ya ndoa aghalabu ndiyo pete ya kwanza na ya mwisho ambayo mwanamume atavaa. Nayo hununuliwa kwa haraka, wiki moja kabla ya harusi, na kamati imekwisha kutumia fedha zote kwa chakula na muziki. Nawasihi mabwana harusi: kapimeni vidole jioni, baada ya kazi, wala si asubuhi ya baridi, kwa kuwa kidole huvimba kwa joto na kwa jembe, na pete iliyoingia kwa ulaini saa mbili asubuhi huwa jela saa kumi alasiri. Na ipite kwenye kifundo cha kidole kwa kusukumwa kidogo. Ikipita bila ya kusukumwa, itaangukia kwenye debe la kahawa siku moja na haitaonekana. Upana wa milimita nne au tano, mviringo laini ndani na nje, bila ya maandishi ya nje: hiyo huvaliwa miaka arobaini bila ya kuchosha jicho. Zile pete nyeusi za tungsteni zilizoingia siku hizi ni ngumu na hazikwaruziki, lakini ugumu huo ndio aibu yake, kwa maana kidole kikivimba kwa kuumwa na nyuki au kwa jeraha, msumeno mdogo wa hospitali unaokata dhahabu na fedha hauikati. Sharti ibanwe kwa koleo maalumu mpaka ipasuke.

Na pete zote, za ndoa na za mapenzi na za urithi, zivuliwe kabla ya kukaribia mashine ya kukoboa kahawa, kabla ya kuruka kutoka juu ya lori, na kabla ya kushika mnyororo wa pikipiki. Pete ikinaswa huku mwili unaendelea kushuka, kinachobaki juu hakiwi pete peke yake. Mke mwenye akili hatakasirika kuikuta juu ya kabati.

Kuhusu dhahabu yenyewe, tunaishi jirani na Geita na Biharamulo, na ujirani huo umetuletea watu wanaouza dhahabu ya njiani, wakinong'ona kwamba imetoka mgodini usiku. Usinunue. Dhahabu halali hupimwa kwa mizani mbele yako, huuzwa kwa gramu, na huandikiwa risiti yenye uzito na karati. Safi kabisa ni karati 24, nayo ni laini mno kwa mkono unaofanya kazi. Ya karati 18 ina dhahabu sehemu 75 katika 100, na ndani yake hupigwa muhuri wa 750. Ya karati 9 huwa na muhuri wa 375, ni ngumu na rahisi, ijapokuwa rangi yake imefifia. Fedha nzuri ina 925. Sumaku ndogo mfukoni husaidia, kwa kuwa dhahabu na fedha hazivutwi nayo, lakini usiitegemee sana, maana shaba pia haivutwi, na shaba iliyopakwa dhahabu ndiyo hila ya siku zote. Kitu cha bei ndogo kikikuwasha ngozi na kuleta vipele, aghalabu ndani yake mna nikeli. Kivue, wala usingoje mwili uzoee, kwa kuwa hauzoei.

Tanzanaiti ni fahari ya nchi yetu, iliyogunduliwa Mererani 1967, na haipatikani penginepo duniani; lakini si jiwe la pete ya mwanamume wa shamba, kwa kuwa ni laini na hupasuka likigongwa. Atakayelipenda na alitie katika pini ya tai au katika vifungo vya mikono ya shati, ambako haligusani na kitu. Mimi binafsi natamani zaidi kuona watu wetu wakirudia shaba. Kwa jirani zetu wa Kyerwa bati limechimbwa kwa muda mrefu, na kwa miaka mingi liliondoka kama mchanga mzito magunia kwa magunia kwenda kufanya kazi katika viwanda vya mbali, nasi tukanunua bangili zilizotoka huko. Ilhali shaba ikichanganywa na bati kidogo huwa ngumu, hushika rangi ya asali iliyokolea, na fundi yeyote mwenye moto mkali na subira anaweza kuikunja ikawa kikuku kimoja kinene, wazi upande wa chini ili kivaliwe na kuvuliwa. Kikiacha rangi ya kijani kwenye ngozi, hilo ni jasho tu limekutana na shaba, halidhuru. Kikuku chenyewe kipake ndimu na chumvi, kisugue, kisuuze, na ukikaushe upesi. Dawa hiyo usiijaribu juu ya fedha wala juu ya kitu kilichopakwa dhahabu: hivyo vyataka maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini.

Mikufu nitaipitia upesi. Ukivaa, uwe mmoja, mwembamba, na ukae ndani ya shati. Ukionekana kidogo shingoni mtu anapoinama, yatosha. Rozari haihesabiwi katika mapambo, na wanaoivaa juu ya fulana kwenda dansini wangefanya vyema kumwuliza katekista wao.

Vitu vingine havitokani na sonara, lakini ndivyo vinavyokamilisha au kubomoa. Mkanda na viatu viwe vya ngozi ya rangi moja, na bizimu ya mkanda iwe ndogo, isiyo na herufi za kampuni. Bizimu, saa na pete zikiwa zote nyeupe au zote njano, mtu huonekana amepangika bila ya kujua ni kwa nini. Kalamu nzuri mfukoni mwa shati, ambayo zamani ilikuwa alama ya karani na mwalimu, ingali pambo la heshima, maadamu ni moja na ina wino. Ama viongozi wetu wa wakati wa uhuru waliifahamu vizuri nguvu ya kitu kimoja: Mwalimu Nyerere alivaa suti isiyo na tai na kushika kifimbo, Kenneth Kaunda alikuwa na leso yake nyeupe mkononi, Jomo Kenyatta alipunga usinga. Kila mmoja alikuwa na kimoja chake, akakaa nacho miaka yote, hata ikawa mchoraji wa katuni hahitaji kuchora uso. Mzee wa Igurwa anayekwenda kikaoni na fimbo ya mti mgumu, iliyopakwa mafuta na kung'arishwa na viganja vyake mwenyewe, yumo katika safu hiyo, na kijana wake asimnunulie nyingine ya kiwandani yenye kichwa cha simba.

Siku ya harusi, aliyevaa kanzu na koti juu yake amekwisha kupambwa na nguo; saa na pete ya ndoa zinamtosha, na ua la kifuani amwachie bwana harusi. Siku ya msiba vua vyote vinavyong'aa isipokuwa pete ya ndoa, hata kama umetoka mjini na watu wanatazamia kuona umefanikiwa kiasi gani. Mwosha maiti na mchimba kaburi hawana haja ya kuona saa yako.

Mwenye fedha za msimu mmoja tu na aanze na mkanda na viatu, kisha saa. Pete ya fedha au kikuku cha shaba kingoje msimu wa pili, na dhahabu ingoje mpaka watoto wamelipiwa ada. Lakini kabla ya kwenda dukani na afungue kasha la baba au la babu yake, kwa maana katika nyumba nyingi za Karagwe imelala saa ya zamani ya kutia ufunguo, imesimama tangu mwenyewe alipofariki, na hakuna kabati la Omurushaka lenye mfano wake. Ipeleke kwa fundi wa saa anayejulikana, Bukoba au Mwanza, asafishe mitambo ya ndani, atie mafuta, abadilishe kile kipete cha mpira kinachozuia maji na aiwekee mshipi mpya. Na umwambie mapema, mbele ya shahidi ikibidi, kwamba mikwaruzo ya juu ya ganda asiiguse kwa tupa wala kwa dawa ya kung'arishia.